Lisiloulizwa

Mjukuu wangu hutengeneza njia za kompyuta kuulizana habari. Asubuhi ile alikuwa mezani kwangu na mfanyakazi mwenzake, tunayemwita Miwani, wakibishana. Mimi nashona vifungo, nasikiliza.

"Njia yako ya zamani inachosha," mjukuu alimwambia. "Duka la dawa likiuliza habari za mgonjwa, zahanati inaliletea faili zima, watu wanaota mizizi kwenye foleni. Yangu nyepesi: duka linataja linachotaka, linapewa hicho tu."

"Yangu nzito, lakini haisahau. Pakikosekana kitu kimoja, inagoma."

"Kama punda!"

Tukacheka. Nina darasa la tatu tu, lakini kuuliza hakuna ada.

"Na lisiloulizwa?"

"Halijibiwi, Bibi. Ndio uzuri wake. Tumeifungua leo saa mbili. Duka la dawa la hapa mtaani linauliza jina, umri na dawa aliyoandikiwa mtu, basi."

Sindano ikanichoma, sikusikia. Babu yake alikuwa ameondoka saa tatu kwenda dukani hapo kuchukua dawa ya kifua, na mwili wake haupatani na penisilini. Mara ile alipopewa, koo lilivimba nikimtazama, hewa ikawa inapita kama kwenye tundu la sindano.

"Lakini hilo liko kwenye faili, na daktari analijua," mjukuu akasema nilipomkumbusha. "Ila duka likimbadilishia dawa, halitaliona."

Tukampigia babu. Simu ikalia chumbani, ameiacha kwenye chaji. Ya dukani haikupokelewa.

Nilitoka na ndara moja. Haraka haraka haina baraka, nimewaimbia watoto miaka yote. Siku hiyo nililimeza neno langu, nikakimbia na magoti haya haya, kila kona naona koo lile.

Babu alikuwa kwenye benchi, kikombe cha maji mkono huu, kidonge mkono huu.

"Mzee, acha!"

"Kha! Umekuja kuninywesha?"

Nikampiga mkono. Kidonge kikaviringika chini ya benchi.

Mfamasia akatoka mbio. "Aliyoandikiwa imekwisha, nikampa ya jamii ya penisilini. Skrini haikuonyesha katazo lolote."

Mjukuu alifika akihema na Miwani nyuma yake. Akaketi sakafuni, kompyuta mapajani, akaanza kuandika. "Duka lisipouliza mwili unakataa nini, lisipewe chochote. Njia igome."

Miwani hakucheka, akamgeukia mfamasia. "Umewabadilishia dawa wangapi leo?"

"Watatu, pamoja na mzee huyu," mfamasia akasema.

Tukawapigia wale wengine. Wa pili akapokea mara moja, bado hajanywa. Wa tatu, simu iliita, ikaita. Babu alinishika mkono mpaka mifupa ikauma.

"Haloo?" Sauti ya mwanamume. "Mke wangu? Amekunywa dawa, amelala."

"Mwamshe," mjukuu akasema. "Baba, tafadhali, mwamshe sasa hivi."

Tukasikia mlango, tukasikia akiita mara mbili. Kisha sauti ya mwanamke, nzito kwa usingizi, imekasirika:

"Kuna nini jamani, mtu hawezi kulala?"

Babu akayanywa maji yale yote, bila kidonge.