Alama za Lupango

"Mama Madeleine, muko na alama za mkopo makumi tisa na mbili juu ya mia," alisema Danielle, karani wa mikopo. "Miye niko na sitini tu."

Madeleine, muuza makala, yale makaa ya kupikia, alisogeza kiti karibu. Hakuwahi kukopa hata siku moja, leo kompyuta inamheshimu hivi. Akaomba aone alama zilikotoka, na Danielle akamgeuzia kioo.

Zilitoka kwenye laini yake ya simu. Pesa za kila Jumamosi kutoka mgodi wa Kamatanda zilikuwa za jirani yake Dodo, mchimbaji. Karo iliyokwenda shule ya Mulungwishi bila kuchelewa ilikuwa ya mjane Chérie. Pensheni ilikuwa ya mzee Stanislas. Katika lupango lao, ua wa nyumba saba, simu inayofanya kazi ilikuwa moja, yake, na kila mtu alipitishia pesa zake hapo. Makala yeye aliuza kwa noti za mkononi.

Aliitazama namba ile kama picha ya arusi. Majirani wote walikuwemo, wamesimama wima, wasafi. Yeye tu hakuwemo.

"Mutie sahihi hapa, Mama."

"Ningojee kidogo," alisema taratibu. "Acha niende niite majirani, benye namba."