Filamu Iliyoharibiwa na Kiu Yangu

Sikumpeleka Esperansia shule ili achore. Nasema mapema, mtu asije akadhani mimi ni mzazi wa kisasa. Nilitaka awe nesi. Yeye akiona ukuta umepakwa upya, mkaa uko mkononi. Magunia yangu ya mahindi yalijaa ng'ombe wa mkaa, hata mnunuzi mmoja wa Nyakanazi akaniuliza kama nauza mahindi au picha.

Alipofika kidato cha tatu akaangukia mikononi mwa Mwalimu Bulugu, Msukuma mrefu anayefundisha fasihi, na Jumamosi hufundisha kuchora na kupiga filamu kwa simu yake mwenyewe. Alimwambia ng'ombe wake ni wazuri, ila watu wake wote wametazama kando, hakuna uso hata mmoja. Espe alirudi nyumbani amenuna. Alisema nyuso anaziogopa, maana ng'ombe ukimkosea halalamiki. Nilicheka mpaka mama yake, Generoza, akanikanya.

Basi akajifunza. Kwenye fasihi alielewa kwamba hadithi huanza pale watu wawili wanapotaka mambo yasiyopatana. Kwenye filamu akafundishwa kuchora kila tukio ndani ya kisanduku kabla ya kulipiga. Siku moja nilifungua daftari lake nikakuta visanduku ishirini: wazee wawili majirani, mbuzi, shamba la maharage lililoliwa, kisha mtungi wa rubisi, pombe yetu ya ndizi, wenye mirija miwili. Mzee mmoja anaonja, mwingine anakataa mrija na kuondoka. Kisanduku cha mwisho kilikuwa na kigoda kitupu. Mzee aliyekataa alikuwa na masikio yangu.

Sikuhitaji kuuliza. Mimi na jirani yangu Hategekimana tulikuwa hatujasalimiana misimu minne, tangu mbuzi wake ale maharage yangu. Espe alikuwa amejaribu kuwatumia wanafunzi wenzake wenye ndevu za pamba, darasa zima likacheka. Filamu ilitakiwa Ijumaa, siku ya wazazi, na bila wazee wa kweli mwalimu asingeionyesha. Akaniomba. Nilikubali haraka, kwa sababu kumkatalia Hategekimana mbele ya watu, tena kwa kuombwa, ni raha ambayo sikuitegemea. Naye nasikia alikubali upesi vilevile, ili dunia ione nilivyo mkaidi.

Jumapili baada ya misa tukakutana uani kwangu. Mwalimu alisema mtungi utiwe maji. Generoza akamwambia katika nyumba hii hakuna mtu aliyewahi kupewa mrija kwenye maji, akajaza rubisi yake. Mwalimu, kwa kuwa si wa huku, aliona ni ukarimu tu. Sisi tulijua tunacheza na moto. Kwetu, wagomvi wakishanyonya mtungi mmoja, kesi imekwisha na hakuna wa kuifufua. Lakini mimi kazi yangu ilikuwa kukataa, kwa hiyo sikujali.

Hategekimana akaonja, akanisogezea mrija wangu, nikakataa, nikaondoka. Mwalimu akasema kuna kuku amepita, turudie. Tukarudia, wingu likafunika jua. Tukarudia tena na tena. Mara ya tano Espe mwenyewe, aliyeshika simu, akaniambia kwamba ninakataa kama mtu anayefurahi. Ilikuwa kweli. Jua lilikuwa kali, nilikuwa nimeimba kwaya tangu asubuhi, na Hategekimana ameonja mara tano mbele ya macho yangu huku akipangusa midomo. Mara ya sita aliponisogezea mrija, mkono ukaupokea wenyewe. Nikanywa, na si kidogo.

"Kata," mwalimu akasema. "Mzee, umeharibu."

Generoza alijiziba mdomo kwa khanga.

"Novatus, umekunywa," Hategekimana akasema.

"Nimekunywa."

Aliuweka mrija wake chini. "Yule mbuzi nilimwona tangu mpakani mwa shamba lako, nikamwacha. Mama yangu tulikuwa tumemzika, na wewe hukuja."

Majibu ya mbuzi nilikuwa nimeyaandaa misimu yote minne. Nikayaacha yote. Nikamwambia ukweli: siku ya mazishi nilikuwa Biharamulo mjini, nikarudi kesho yake, nikaona aibu kuja nimechelewa. Na aibu ukiilaza kwako usiku mmoja, inazeekea hapo hapo. Machozi yalinitoka, sikuyaficha. Ndipo nikaona binti yangu hajakata. Alikuwa amepiga magoti karibu kabisa nasi, simu haitikisiki, anazitazama nyuso zetu mbili bila woga.

Mwalimu alitaka turudie mwisho wa kigoda, kwa kuwa ndio uliochorwa, na ulikuwa mzuri. Espe alituomba kwanza ruhusa sisi wazee, tukampa. Kisha akamwambia mwalimu wake kwa heshima kwamba mwisho ule aliuchora kabla hajatujua. Mwalimu alifikiri kidogo, akatabasamu, akamwambia filamu ni yake.

Ijumaa waliziba madirisha ya darasa kwa mablanketi, wakatundika shuka ukutani. Watu walijaa hadi mlangoni. Walimcheka yule kuku, kwani Espe hakumwondoa. Nyuso zetu zilipojaa shuka zima, kina mama wakapiga vigelegele. Nilimwonea fahari mtoto yule. Habari za unesi sijazitaja tena.

Tulipotoka nilimwomba Hategekimana anipeleke kwa mama yake. Espe akatufuata. Nilidhani atatoa simu, kumbe ameirudisha kwa mwalimu. Alisema hili si la kupigwa picha. Kaburi liko nyuma ya migomba, limepandwa maua. Nilivua kofia.

"Shikamoo mama," nikasema. "Nimechelewa."

"Marahaba," Hategekimana akaitikia kwa niaba yake.