Asiyerudi Amepona

Nikutegee, mjukuu wangu, na usikimbilie kujibu: nina mlango, atokaye asirudi huhesabiwa mzima. Mlango gani huo? Fikiri kwanza, huku ukimwangalia dobi huyu kwenye benchi la hospitali, mwanawe Kibonge kamlalia kifuani, mbavu zikibonyea kila avutapo pumzi. Ubonge wenyewe umebaki kwenye jina.

Tabibu alikuwa kijana mpole. Alimpima mtoto joto, akahesabu pumzi, akaiingiza hesabu yake kwenye kompyuta ya mkononi. Vitanda ni vichache, kwa hiyo siku hizi hiyo ndiyo inayosema nani alazwe. Ikawaka kijani, si nyekundu ya hatari. Akasema mtoto apewe dawa ya maji, warudi nyumbani.

Dobi hakuinuka. Akasema hata dada yake Kibonge, mwaka jana, alipimwa hapahapa na wale watu wa utafiti, akapewa dawa hiyohiyo.

"Ndiyo maana naiamini, mama," tabibu akasema. "Imefundishwa kwa watoto wa hapahapa. Wa kwako yumo."

"Yumo vipi, baba?"

Akamweleza taratibu, kama anayemmenyea mtoto chungwa. Watafiti waliandika dalili za kila mtoto, kisha wakasubiri wiki mbili. Aliyerudi kazidiwa aliwekwa upande wa hatari. Asiyerudi, upande wa waliopona. Baadaye wakaijaribu kompyuta kwa watoto wengine, wakihesabu vilevile, nayo ikapatia karibu wote. Wenye dalili kama za huyu walipona.

"Kama yule dada yake alizidiwa," tabibu akauliza, "mbona hukumrudisha?"

Dobi akaitazama mikono yake iliyochunwa na sabuni. Kwenye foleni mama mmoja akasema wengine hupenda vitanda vya watu kuliko vyao, wenzake wakacheka. Muuguzi akaomba mtoto awekwe pembeni, angalau hadi jioni. Tabibu akasema hata yeye angependa, lakini akimlaza wa kijani wakubwa watamuuliza, na kitanda kilichobaki ni cha mwekundu atakayekuja. Akaita anayefuata.

Dobi akamfunga Kibonge mgongoni. Alipofika mlangoni akasimama, mguu mmoja ndani, mwingine nje.

"Nilimrudisha, baba," akasema bila kugeuka. "Geti nikaliona kabisa. Akakata roho mgongoni, nikageuza naye nyumbani."