Ua Jekundu la Gauni la Ubatizo

Kila Agosti mume wangu Zenon, mwenyekiti wa kijiji, husimama mbele ya jiwe la kumbukumbu ya marubani, hapa kijijini kwetu Poland, na kusema yale yale: kwamba mwaka 1944, Wajerumani walipoiangusha ndege iliyokuwa ikipeleka silaha Warsaw, wazee wetu waliwazika vijana wale wa Afrika Kusini kwa heshima zote, kila mmoja amefunikwa kwa parachuti lake. Zenon anapenda kujisikia akiongea. Mwaka huu alikuwa na sababu, maana Bi Rina Naudé alikuwa amekuja kutoka Pretoria. Mjomba wake, Wessel, alikuwa mpiga bunduki wa mkiani mwa ndege ile.

Baada ya misa tulimkaribisha kwetu kwa chai na keki ya jibini. Mimi niliwahi kufanya kazi Uingereza, kwa hiyo ukalimani ukawa wangu. Alisema mama yake alikufa akiuliza jambo moja tu, kama kaka yake alizikwa na chochote cha kumsitiri. Sasa, baada ya kumsikia Zenon, moyo wake yeye umetulia.

Zenon akavimba kichwa. Akamwita binti yetu Jagna aje na mtoto, na alete gauni la hariri ambalo mjukuu wetu angebatizwa nalo Jumapili. Nusu ya kijiji tumebatizwa nalo. Akaeleza desturi yetu: kabla ya maji kumwagwa, mama wa ubatizo hulibusu ua jekundu lililotariziwa kifuani.

Shangazi Waleria, aliyemlea Zenon, akaweka kikombe chini.

"Zenon, mwanangu, ulidhani hariri hiyo tuliinunua wapi wakati wa vita?"

"Shangazi, kunywa chai."

"Nitakunywa nikishasema. Njia ya mwongo fupi. Yule wa mkiani, mama yangu ndiye aliyemvua parachuti lake la hariri, mimi nikiangalia. Akazikwa hivi hivi, udongo usoni. Na hilo ua liko juu ya doa. Mama alifua, akachemsha, damu ikakataa kutoka."

Zenon akaninong'oneza, "Mwambie mgeni kwamba shangazi amechoka. Mwambie anakumbuka njaa ya vita tu."

Bi Rina alikuwa akinitazama, akisubiri. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Midomo yangu hii imelibusu ua lile mara ngapi, tena nikijiona mtakatifu! Uongo ungemrudisha mgeni kwao na amani yake. Lakini ungekuwa uongo wetu ule ule, na safari hii ungetoka kinywani mwangu. Nikatafsiri yote, hata udongo.

Hakulia. Alinyoosha mikono, Jagna akampa gauni. Akapapasa nyuzi kwa kidole, kisha akainama na kulibusu ua, kama tulivyomweleza kwamba sisi hufanya. Akalikunja vizuri, akatunyooshea.

"Jumapili mvalisheni mtoto," alisema.

Nikatafsiri na hilo. Zenon alikuwa akitazama sakafu. Jagna alimkumbatia mtoto kwa mikono yote miwili. Bi Rina akabaki amenyoosha mkono, na hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kulipokea gauni.