Goli Lisilo na Mwenyewe

Mechi ilikuwa inachezwa upya juu ya meza ya bwalo. Vikombe vya bati vilivyofunikwa kifudifudi ndio waliokuwa wachezaji wa chuo, vikombe vya plastiki vya bluu ndio wapinzani, na mpira ulikuwa kitunguu kidogo kilichoibwa jikoni. Katikati ya vikombe vya bati, mbele kidogo ya lango, lilisimama kopo la chumvi. Hilo lilikuwa Ukuta, beki wa kati, na lilichaguliwa kwa sababu ya upana wake. Ukuta mwenyewe aliketi mwisho wa benchi, mgongo ameuegemeza dirishani, chakula kimepoa mbele yake, akilitazama lile kopo kama mtu anayetazama picha yake aliyopigwa bila kuulizwa.

Msimulizi alikuwa Sindano, winga wa kushoto, kijana mwembamba mwenye maneno mengi kuliko kilo. "Basi wakapata kona," alisema, akakisogeza kitunguu hadi kwenye pembe ya meza. Akasita. Kisha akakichukua na kukirudisha katikati. "Wakapata goli. Sisi hao, tukaanza upya. Sasa hapa ndipo mnisikilize vizuri!"

Bwalo zima likamsikiliza. Kombe lenyewe lilikuwa pale pale mezani, limesimamishwa kati ya jagi la maji na rundo la sahani, na kila aliyepita aliligusa kidogo kuhakikisha kwamba lipo. Chuo kidogo cha ufundi, chenye uwanja wa vumbi na magoli yaliyochomelewa na wanafunzi wenyewe, kilikuwa kimekwenda ugenini na kukitoa jasho chuo kikubwa chenye nyasi za kukatwa kwa mashine. Mbili kwa moja. Wapishi walikuwa wameiimba hiyo mbili kwa moja tangu alfajiri, na waliokuwa na sauti nzuri na waliokuwa hawana waliimba kwa nguvu ile ile.

Ukuta alifurahi pia, asije mtu akadhani hakufurahi. Lakini tangu jana hadithi hii ilikuwa imesimuliwa ndani ya basi, bafuni na kwenye foleni ya chai, na kila ilipofika kwenye ile kona iliruka, kama mtu arukavyo dimbwi asichafue viatu. Wakapata goli. Walilipata vipi, kwa nani, hapakuwa na neno. Hakuna aliyewaagiza wenzake wafanye hivyo. Walikubaliana kwa macho tu. Ulikuwa upendo, na yeye alijua kuwa ni upendo, na ulimchoma kuliko tusi. Mtu akitukanwa hujua pa kushikia. Akisitiriwa, ashike wapi?

Maana lile goli lilikuwa lake. Aliruka juu ya kila mtu, kama alivyofundishwa, akaukuta mpira kwa paji la uso, akaupiga kwa nguvu zake zote ndani ya lango lake mwenyewe. Baada ya hapo alichokumbuka ni giza la jezi aliyojifunika usoni, na kicheko cha jukwaa zima kikimwagika juu yake. Usiku hakulala vizuri. Asubuhi alikuwa ameamua: msimu huu umekwisha, na yeye na mpira wamekwisha. Atabaki na matofali yake katika darasa la uashi, ambako ukuta ukienda upande unabomolewa kimya kimya na kujengwa upya, bila watazamaji.

Alikuwa amemwendea kocha, ambaye siku za kazi ni mwalimu wa useremala. "Mwalimu, nina neno na wewe baada ya chakula."

"Leo ukitaka hata jino langu nitaling'oa nikupe," kocha alimjibu, akaenda zake akipiga mluzi. Furaha ilikuwa imemtia uziwi.

Sasa mlango wa jikoni ukafunguka, akatoka Mama Bwalo, mpishi mkuu, akijifuta mikono kwenye aproni. Watu wakampisha. Mama huyu alikuwa amewalisha mwaka hadi mwaka, na hakuna kati yao ambaye hakuwahi kumwomba ukoko.

"Nianzieni mwanzo," alisema. "Jana ninyi mlikuwa mnakula ushindi, mimi nakula moshi. Nataka yote."

Sindano akajinyoosha, akaanza tena kwa mikogo zaidi. Mama Bwalo alisikiliza jinsi anavyochambua mchele, punje kwa punje. Wakaingia uwanjani. Kipenga kikalia. Wapinzani wakapata kona. Kitunguu kikaenda kwenye pembe, kikainuliwa, kikaanza safari yake ya kurudi katikati.

"Ngoja kwanza," mama akasema. "Rudisha hicho kitunguu. Kona imepigwa. Halafu?"

"Halafu wakapata goli, mama."

"Wakalipata wapi, sokoni? Nani alifunga?"

Nahodha akainama kwenye sahani yake kana kwamba ameona kitu kipya ndani ya mboga. Gundi, kipa, akakohoa. Aliitwa Gundi kwa jinsi mpira unavyonata mikononi mwake, lakini kwa wakati huo ni ulimi wake ulionata.

"Ilikuwa vurugu tu, mama," Sindano alisema. "Watu walirundikana."

"Hata kwenye vurugu yupo aliyegusa mwisho. Mimi nina watoto sita, usinifundishe vurugu."

Sindano akapepesa macho. Mkono wake ukaanza kusogea juu ya meza, na Ukuta akaona kidole kinaelekea kwenye kikombe kimoja cha bluu kilichokuwa karibu na lango. Yule rafiki yake alikuwa tayari kumpa mpinzani goli ambalo hakulifunga, ili tu amsitiri yeye. Ukuta akaelewa kwamba kidole kile kikitua, basi hadithi itakuwa imekamilika, na ndani yake yeye hatakuwamo, wala kwa ubaya wala kwa wema.

"Mimi," akasema.

Mama Bwalo akageuka. "Wewe? Si wewe ni wetu?"

"Ni wenu, mama. Nilijifunga."

Mama Bwalo akaweka mikono kiunoni.

"Kwa mguu au kwa kichwa?"

"Kichwa."

"Likaingia wapi?"

"Juu. Pale kwenye pembe kabisa."

"Na kipa? Aliligusa?"

"Hata upepo wake sikuupata," Gundi akajibu, huku ameshika kifua.

Mama akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepima kitambaa. "Basi lilikuwa goli zuri sana," akasema. "Kosa lake ni anwani."

Aliyeanza kucheka ni Gundi. Kicheko kikakimbia meza hadi meza, vijiko vikagonga sahani, na Nahodha, mtu mzito asiyecheka hovyo, akalazimika kushika jagi lisianguke. Ukuta alingoja aumie. Hakuumia. Hiki hakikuwa kile kicheko cha jana cha jukwaani. Hiki kilikuwa na nafasi ya kukaa ndani yake, naye akakaa, akacheka mpaka machozi.

"Njoo uonyeshe mwenyewe," mama akaamuru. "Huyu mwembamba amenidanganya vya kutosha."

Ukuta akasogea, akalishika lile kopo la chumvi. Akaeleza kona ilivyokuja, jinsi jua lilivyokuwa, jinsi alivyomsukuma mshambuliaji wao mrefu kwa bega ili apate nafasi. Kopo likaruka. Kitunguu kikaingia langoni. "Halafu nikajifunika jezi," akasema. "Sikutaka kumwona mtu."

"Lakini mimi nilikuja," Gundi akasema. "Nilikushika kisogo, nikakuambia: kichwa hicho hicho, lango lile kule."

"Hukuniambia kitu."

"Nilikuambia. Na ulisikia, maana tangu hapo hakuna mpira wa juu uliokupita."

Sindano akasema, safari hii bila mikogo, "Niseme kweli? Mpaka dakika ile nilikuwa naomba Mungu mpira usinifikie. Uwanja ule, watu wale! Nilijua tu kuna mmoja wetu atatuaibisha, na nilijua ni mimi. Ulipofunga nikasema, ahaa, kumbe si mimi. Miguu ikawa myepesi."

"Hata mimi," akasema Nahodha.

"Na mimi," akasema mwingine kutoka meza ya nyuma.

Ukuta akawatazama. Kwanza kilimpanda kitu kinachofanana sana na hasira. Kumbe wakati yeye anakufa ndani ya jezi, wenzake walikuwa wanapumua! Alitaka kuwauliza kama walimshukuru hata kidogo. Lakini nyuso zao zilikuwa wazi, zina aibu yao wenyewe, na akaona kwamba hawakuwa wamemficha yeye peke yake tangu jana. Walikuwa wamejificha wote nyuma yake. Hasira ikakosa mtu wa kumshika.

"Endeleeni basi," Mama Bwalo akasema. "Mpaka sasa tumefungwa. Chakula cha jioni hakijipiki."

Wakaendelea, na sasa mikono yote ilikuwa mezani. Goli la kusawazisha likafungwa na Sindano, kwa mguu wake wa kulia usiotegemewa hata na mama yake mzazi. Likaja lile la ushindi. "Dakika za mwisho," Sindano akasema, "wakapata kona nyingine. Mpira ukaondolewa, mimi nikaupokea..."

"Ukaondolewa na nani?" mama akauliza.

Sindano akamtazama Ukuta, na Ukuta akaona rafiki yake akigundua hapo hapo walichokuwa wamekifanya. Katika kulikwepa kosa, walikuwa wamemruka yeye kwenye kona zote mbili. Walipokifukia kichwa cha kwanza, walikifukia na cha pili.

"Na huyu," Sindano akasema kwa sauti ndogo. Kisha akapaza, "Na huyu! Kona ile ile, upande ule ule, yule yule mrefu wao begani! Akaupiga ukavuka nusu ya uwanja, ukanikuta mimi peke yangu, nikakimbia mpaka mapafu yakaomba talaka, nikampa Nahodha..."

Hakumaliza. Nahodha mwenyewe alikuwa amekisukuma kitunguu kwa kidole, kikabingirika, kikapita kati ya vikombe viwili vya bluu, kikaanguka chini ya meza, na bwalo likalipuka kama vile matokeo hayakuwa yakijulikana. Wapishi walishikana mikono. Mtu akalinyanyua kombe, akamtwisha Ukuta kichwani, likamkaa kama lililopimwa.

Katika vurumai hiyo kocha akamfikia, akamshika bega. "Asubuhi ulisema una neno na mimi."

"Nilikuwa nalo, mwalimu."

"Neno gani?"

Ukuta akafikiri. "Jumatatu mazoezi yanaanza saa ngapi?"

Kocha akamtazama, maana saa ya mazoezi haijabadilika tangu aje chuoni. Kabla hajajibu, mlango mkubwa ukafunguliwa, akaingia mkuu wa chuo, kanzu ya safari bado ina vumbi na mkoba mkononi, akitoka safari ya kikazi iliyomnyima mechi. Watu wakasimama. Nahodha akatengeneza kola, kwa kuwa kumsimulia mkuu ni haki ya nahodha. Halafu akarudi nyuma hatua moja, akamsukuma Ukuta mbele.

"Haya," mkuu akasema, macho yanameremeta, "nani atanieleza? Nataka kusikia tangu goli la kwanza."

"Goli la kwanza nilifunga mimi, mkuu," akasema Ukuta.

Mkuu wa chuo akaangusha mkoba, akamkamata mkono kwa mikono yake miwili, akautikisa kwa nguvu. "Hongera sana, kijana! Hongera sana!"

Nyuma yake Gundi alikuwa ameshauma mkono wa shati lake, na Mama Bwalo amegeukia ukutani, mabega yanamcheza. Ukuta akauacha mkono wake utikiswe mpaka mkuu akachoka. Kisha akamvutia kiti.

"Karibu uketi kwanza, mkuu," akasema. "Bado hujasikia liliingia wapi."