Mbawakavu wa Ufa wa Mukantwari

Kuuliza ni ujinga. Shuleni tulifundishwa kinyume, lakini aliyeishi Kigali mwaka 1991 ananielewa. Vita vilikuwa kaskazini, na mjini aliyeuliza njia alishukiwa upelelezi, akatazamwa viatu kwanza, kisha uso.

Mimi niliuliza.

Nilikuwa na diploma ya biolojia, nikifanya kazi katika maabara ndogo ya wadudu huko Gitega, mtaa wa Kigali, chini ya Dokta Twagirayezu. Yeye aliandika; mimi nilisafisha wadudu na kuwachora. Mwezi wa nne alinikabidhi mbawakavu mmoja ndani ya kichupa cha spiriti: mdogo kuliko punje ya mchele, rangi ya chai ya maziwa, na penye macho hapakuwa na kitu.

"Spishi mpya," akasema. "Wa mapangoni, Ruhengeri. Nitampa jina lako, Kamikazi."

Jina langu! Mtu aliyeninyima hata ufunguo wa kabati. Na Ruhengeri alifikaje, barabara ikiwa imejaa vizuizi vya askari?

"Ulikwenda lini, Dokta?"

"Chora, binti yangu."

Nikamlaza mdudu chini ya hadubini, nikampitishia brashi. Kwenye vinyweleo vya miguu palinasa udongo. Mapango ya Ruhengeri ni mawe ya volkano, vumbi lake jeusi. Udongo huu ulikuwa mwekundu, ule ule unaochafua pindo za sketi zetu mjini.

Anayetangaza spishi mpya hutaja mahali ilipopatikana, na jina na mahali haviachani tena. Watakaomtafuta baada yetu wangetambaa bure katika pango ambalo hajawahi kukaa. Na uongo huo ungeitwa Kamikazi.

Jumamosi nilimwona Dokta akiteremkia mtaa wa Kimisagara, tochi imetuna mfukoni. Nikamfuata hadi akanipotea katikati ya nyumba. Hapo pembeni fundi viatu alikuwa akishona soli. Nikamuuliza.

"Mzee wa tochi? Iko kwa Mukantwari, yule mjane. Kila Jumamosi!" Akaiacha sindano. "Dada, anachimba dhahabu pale, ama anaficha watu?"

"Anatafuta wadudu."

Akacheka mpaka akakohoa. "Wadudu! Na wewe umemwamini?"

"Hapana," nikasema.

Jibu hilo lilimtosha, na kufika jioni lilikuwa limeenea mtaa mzima.

Jumatatu Dokta aliingia bila salamu. Akafunga mlango, akafunga na dirisha.

"Nani alikutuma Kimisagara?"

"Udongo wa miguuni mwa mdudu wako."

Ndipo nikasikia yaliyotokea. Kiongozi wa nyumba kumi alikwenda kwa Mukantwari na askari wawili. Nyuma ya choo chake mwamba umepasuka, ufa wa kuingia mtu mmoja kwa tumbo. Walimulika humo wakitafuta washirika wa adui. Hawakupata mtu wala bunduki, lakini mjane alihojiwa katika ofisi ya komini mpaka asubuhi, kisha akaamriwa aujaze ufa mawe na saruji.

"Niliandika Ruhengeri ili mjane asitajwe," Dokta akasema. "Huyu kwenye kichupa huenda ndiye wa mwisho. Utamwomba radhi yule mama. Na mimi utaniomba."

"Ungeniambia, ningenyamaza."

"Nikuambie? Ningejuaje jioni unakaa na nani?"

Kumbe! Siku zote hizo nikimchunguza, naye alikuwa akinichunguza.

"Kwa hiyo jina langu lilikuwa la kuniziba mdomo."

Nikavuta kalamu ya wino mweusi na kipande cha kadi kinachokaa na mdudu ndani ya kichupa. Nikaandika kwa herufi ndogo: Kigali, ufa wa mwamba, chini ya ardhi. Mtaa sikuutaja, wala mwenye nyumba.

"Mahali pa kweli," nikamwambia, "na hakuna askari atakayeufikia mlango wa mtu kwa kusoma hapa. Ungeweza kuandika hivi tangu mwanzo."

Aliisoma kadi, akaigeuza, akaisoma tena. Mwisho akaitia ndani ya kichupa, kando ya mdudu.

"Na radhi?"

"Kwa Mukantwari nakwenda leo, tutazungumza mimi na yeye. Wewe ulinipa uongo, nami nikauliza. Sikuombi radhi, Dokta. Si leo, wala kesho."