Kiti Alichoagiziwa Bi Shemsa

“Mama, kaa basi! Watu wanatungoja.”

Bi Shemsa hakukaa. Alisimama pale uwanja wa ndege, mbele ya kile kiti cha magurudumu, kama mtu aliyetandikiwa jamvi la matanga yake mwenyewe, mkoba kaukumbatia kifuani, macho yakienda mlangoni, kwenye saa, mlangoni tena. Wiki sita za matembezi kwa binti yake Sparkhill, mjini Birmingham, zilikuwa zimekwisha. Sanduku limeshapimwa na kuchukuliwa, na ndege ya Doha ilibakisha saa moja na nusu. Kilichobaki ni yeye kukaa tu, na hilo ndilo lililomshinda.

“Mtu na miguu yake mizima,” alinong’ona, “akakalie kiti cha wagonjwa? Huko si kujitabiria? Wewe Asmahan unaniitia maradhi.”

“Mama, please. Nishawaandikia kwamba huwezi kutembea masafa marefu. Usiniaibishe.”

Hawezi kutembea! Miaka thelathini na moja Bi Shemsa alikuwa mhudumu wa wodi hospitalini kwao Unguja. Viti hivyo alivisukuma mchana na usiku, akijua lipi gurudumu linalolia na lipi linalokwama, akijua kumshusha mgonjwa kwenye kizingiti kinyumenyume asije akadondoka kifudifudi. Kukisukuma kiti ni kazi. Kukikalia ni habari nyingine kabisa.

Lakini kukataa hakuweza, na sababu yake ilimkosesha raha tangu alfajiri. Wakati wa kuja, palepale Doha pa kubadilisha ndege, alipotea. Aliwafuata wanawake wenye mabuibui akidhani nao wanakwenda Birmingham, akajikuta kwenye foleni ya Jakarta, na ndege yake ikamwacha. “Nilisahau miwani,” alimwambia Asmahan alipofika kesho yake. Miwani ilikuwamo mkobani muda wote, na hata angeivaa isingemfaa kitu. Bi Shemsa hakujua kusoma. Alivyoamini yeye, hakuna mtu aliyelijua hilo: si marehemu mumewe, si watoto, si wauguzi waliomtuma miaka yote ile. Mafaili aliyatambua kwa rangi, wodi kwa harufu, na wagonjwa kwa kuwauliza, “Nani wanangu anayekwenda kupigwa picha?” Mficha uchi hazai, husema watu. Yeye alificha vizuri tu, na akazaa watano.

Kiti kingempitisha Doha bila ya kuulizwa hata herufi moja. Basi akakaa.

“Karibu, mum,” alisema dada wa Kikenya aliyekuja kumsukuma. “Mimi naitwa Magdalene, wa Nakuru. Leo mimi ndio gari yako.”

Hawajasogea hatua tatu, akaingia mzee wa Kihindi mwenye kilemba cha buluu, peke yake, akaiegemea meza ya mapokezi kwa mikono miwili. Mwenye meza akasema naye Kiingereza, kisha akamwita Magdalene. Asmahan, aliyeyasikia yote, aliinamisha uso.

“Kuna nini?” Bi Shemsa aliuliza.

“Ni huyu mzee, Mr Gurnam,” Magdalene alisema. “Pia yeye anaenda na hiyo ndege yenu. Kijana wake alisahau kumbookia kiti, na zile zingine zote ziko na watu. Ati angoje nusu saa. Sidhani atafika.”

Bi Shemsa alimtazama kama alivyowatazama wengine elfu. Vifundo vya miguu vimefura vikamwagika juu ya viatu, kamba hazikufungwa, mdomo uko wazi unatafuta hewa. Huyu moyo, alijiambia. Kwa mtu wa namna hii, enzi zake za wodini, alikuwa hamngojei daktari aandike. Alimbeba kwanza, karatasi zikaja nyuma. Na mzee, alipomwona yuko kwenye kiti, akamwinamia kichwa taratibu, kwa heshima, akimpa pole mgonjwa mwenzake.

Hapo aibu ilimshika Bi Shemsa mpaka masikio yakamwaka. Akashusha mguu mmoja chini.

“Mama, usinyanyuke,” Asmahan alinong’ona. “Utapotea tena.”

“Mwanangu,” Bi Shemsa alimwambia Magdalene, “kwani hamna mtu wa kunipeleka kwa miguu?”

“Ninaweza kutembea na wewe. Lakini si mliandika huwezi? Shida yako ni gani hasa, mum? Lazima niwaambie shida.”

Miwani. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, limezoea njia. Bi Shemsa akalimeza.

“Sijui kusoma,” alisema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyokusudia. “Miguu yangu mizima. Kusoma ndiko sijui. Mpe mzee kiti.”

Akasimama. Hakumtazama mwanawe. Alizitia breki zote mbili, akamshika mzee kwapani, akamgeuza, akamkalisha, akamwinua miguu mmoja mmoja na kuiweka mahali pake. Aliponyanyua kichwa, Asmahan alikuwa analia.

“Mimi najua, mama. Najua tangu darasa la nne.”

“Unajua nini?”

“Nilikuletea ripoti, nikakwambia nimekuwa wa tatu. Ukaishika, ukaitazama muda mrefu, ukasema mashallah. Ukanichinjia yule jogoo.”

Bi Shemsa alimkumbuka jogoo. Alikuwa mwekundu, na yeye hakuwa na mwingine.

“Kwani ulikuwa wa ngapi?”

“Wa thelathini na tisa.”

“Katika?”

“Arubaini.”

Bi Shemsa hakujua akasirike au acheke. Vyote viwili vilimjia pamoja, na machozi juu yake.

“Na ukamla.”

“Nikamla, mama. Paja lote. Mpaka leo kuku—”

“Basi.” Alimvuta mwanawe, akamfuta uso kwa ncha ya mtandio wake. “Nimekuhalalishia jogoo wangu. Nenda kazini, utachelewa.”

Magdalene alisema ataandikia Doha mtu amngojee mlangoni, atembee naye mpaka ndege ya pili. Wakaondoka watatu: mzee kwenye kiti, Magdalene nyuma yake, Bi Shemsa pembeni, mwendo wake wa haraka ukitaka kuwatangulia. Ukumbi ulikuwa mrefu, na kila upande mabango.

“Pale pameandikwa nini?” Bi Shemsa aliuliza.

“Vyoo, mum.”

“Na pale?”

“Usiache mzigo wako bila mtu.”

“Na lile la kijani?”

“Mlango wa dharura.”

“Na hili dogo?”

Mzee Gurnam, ambaye hakufahamu neno, aligeuza kilemba chake kila upande kidole cha Bi Shemsa kilikoelekea. Watu waliwapita mbio na masanduku yao. Bi Shemsa aliuliza la vikombe vya kahawa, akauliza la manukato, akauliza la namba na mshale, kisha akarudia kuuliza la kijani.

“Na pale je?”

Magdalene aliangalia, akacheka. “Pale hakuna kitu, mum. Hiyo ni ukuta tu.”

Bi Shemsa aliutazama ule ukuta mweupe kwa makini, tangu juu mpaka chini, kabla ya kukubali kuupita.